Mwendo wa Watu wa Mafuriko

Mama yangu alizaliwa katika nyanda za magharibi ambako mto hufurika kila msimu wa mvua, na yeye na ndugu zake walijifunza kutembea maji yakiwa magotini. Ndivyo alivyotueleza sisi watoto tulipomuuliza kwa nini anainua miguu juu vile, kana kwamba vijia vya Kaloleni, mtaa wetu hapa Nairobi, ni kinamasi. Goti lilipanda, likasita kidogo hewani, kisha unyayo ukashuka wote kwa pamoja, paf. Kiwiko cha kushoto nacho kilichomoza nje kama cha mtu aliyebana kuku kwapani. Baba, aliyekuwa karani wa reli na mpenda mambo yaliyonyooka, alikuwa akimtazama akirudi na ndoo kutoka bombani.

"Mama yenu hatembei," alisema. "Anavuka."

Kati ya watoto wote, mimi ndiye niliyeurithi mwendo huo. Shuleni waliniita Korongo. Nilipofika umri wa kujali macho ya watu nilianza kujizoeza kuburuza miguu polepole kwa madaha, kama wasichana wengine wa mtaa, lakini nikisahau tu, goti linapanda. Jioni moja, giza likianza kuingia, kijana mmoja aliniita kutoka ng'ambo ya uwanja: "Niaje, Korongo!" Nikamuuliza amenijuaje na uso hauonekani. Akacheka. "Uso wa nini na mwendo huo?"

Nilisomea umeme katika chuo cha ufundi, kisha nikaajiriwa kwenye kiwanda cha biskuti katika eneo la viwanda, mahali ninapoweza kufika kwa miguu kutoka nyumbani. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika karakana. Fundi mkuu, mtu mpole mwenye tumbo kubwa na penseli sikioni, hakujua mwanzoni anipe kazi gani, basi akanipa ile ambayo wanaume hawakuitaka kwa sababu ya ngazi na buibui: kufunga macho kwenye korido za ofisi. Hivyo ndivyo tulivyoviita vile vidude, macho. Vilikuwa vyeupe, vidogo kuliko ngumi, unavibandika juu ukutani. Mtu akipita chini yake, bila kugusa swichi wala chochote, kidude kinahisi joto la mwili likisogea, na taa inawaka.

Korido zikageuka uwanja wa michezo. Kina mama wa usafi walipita kwa kunyata waone kama watakidanganya. Mmoja wao, mama mnene mwenye maneno mengi, aliapa kwamba kinambagua.

"Wakipita wengine kinawaka. Nikipita mimi, kinanifikiria kwanza."

Nikapanda ngazi nikakigeuza kidogo, kikamwakia. Tangu siku hiyo alikuwa akikisalimu kila asubuhi.

"Kwani kinajua ni nani anayepita?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Kinajua tu kuna joto linalotembea."

"Basi ni kama mume wangu," alisema, akaendelea kupiga deki.

Mwaka ule mvua ilinyesha kupita kiasi. Unyevu ukaingia kwenye mabodi ya umeme, fyuzi zikawa zinaungua ovyo, na siku moja tanuri likazimika biskuti zikiwa ndani, mbichi upande mmoja. Wakubwa wakaamua kumleta mtaalamu mwenye kamera ya joto. Alikuwa kijana mwenye tai na adabu nyingi, na kamera yenyewe aliibeba kama mtoto mchanga aliyetoka hospitalini. Ilisimama kwenye miguu mitatu, ikiwa na waya mrefu ulioelekea kwenye skrini ndogo. Alizungukia mabodi yote asubuhi nzima, mimi na fundi mkuu nyuma yake, na kila palipokuwa na waya uliolegea, skrini ilionyesha doa jeupe linalong'aa. Hatukugusa kitu, na bado tulijua palipo na ugonjwa. Fundi mkuu alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha kama mtu anayesikiliza kwaya.

Wakati wa chakula cha mchana kila mtu alitaka kujiona. Mtaalamu hakuwa na maringo. Aliielekeza kamera kwenye njia iliyokuwa kati ya tanuri na stoo, akauvuta waya hadi ndani ya karakana, akaiweka skrini juu ya meza. Kwa hiyo sisi tuliokuwa ndani tuliona skrini tu. Aliyekuwa akipita nje hatukumwona kwa macho yetu.

Hapakuwa na rangi yoyote. Chenye joto kilikuwa cheupe, kilichopoa cheusi, na mtu alionekana kama moshi mweupe wenye miguu. Uso haukuwa na macho wala mdomo, ulikuwa mwanga mtupu. Mtaalamu alidhani tutastaajabu tu, tumalize. Hakutegemea kilichofuata.

"Huyo ni nani?" mmoja aliuliza.

"Fundi mkuu! Si unaona tumbo linafika kwanza?"

"Na huyu?"

"Wa stoo. Anakimbia kama amefuatwa na nyuki."

Mama wa usafi alipopita, akiyumba kulia na kushoto kama mtungi unaopelekwa sokoni, karakana nzima ilimwita kwa sauti moja. Mtaalamu alicheka mpaka akalegeza tai.

"Mimi hapa naona maumbo tu," alisema. "Nyinyi mnaona majirani."

Alituambia kuna watu wanaojaribu kuifundisha mashine imtambue mtu kwa mwendo wake peke yake, bila kumwona uso na bila kumgusa, ila bado kazi ni ngumu. Mama wa usafi, aliyekuwa amerudi ndani, alimwambia awape watu hao anwani ya kiwanda chetu.

Nilisukumwa nami nikapite. Nilipita haraka nikijaribu kuburuza miguu, lakini nilisikia kicheko kutoka ndani kabla sijafika katikati. Nikarudi, nikasimama nyuma ya wenzangu kando ya kabati la spana, mashavu yakiwaka. Nadhani kamera ingeniona vizuri sana wakati huo.

Dakika chache baadaye umbo lingine lilikata skrini, likiwa na gunia begani.

"Huyu dada hajatosheka!" mwenzangu mmoja alipiga kelele. "Amerudi tena, na sasa amebeba mzigo!"

"Nani amerudi?" niliuliza.

Wakageuka wote. Wakanitazama mimi, wakatazama skrini, wakanitazama tena.

Goti lilipanda, likasita, unyayo ukashuka wote kwa pamoja. Kiwiko cha kushoto kilikuwa nje, japo mkono wa kulia ulikuwa umeshika gunia. Wenzangu waliona mwendo wangu. Mimi mwendo wangu sijawahi kuuona, nani huuona wa kwake? Nilichokiona mimi ni Mama, Mama kabisa, ila kwenye mwili wa mwanamume.

Hapa ni lazima niseme kuhusu mjomba wangu. Alikuwa kitinda mimba kwa kina Mama, na alikuja Nairobi kuishi nasi nikiwa sijaanza shule. Alipiga gitaa. Baba alimtafutia kazi ya reli kupitia rafiki yake wa ofisini, na Mjomba akaifanya wiki chache, kisha akaiacha bila kumuaga mtu yeyote, akaenda kupiga muziki na bendi fulani huko Nakuru. Aliporudi, Baba alikuwa amekwisha kuaibishwa mbele ya rafiki yake. Alimwambia maneno ambayo sisi watoto tuliyasikia kupitia pazia: mtu asiyetaka kazi asilale chini ya paa langu. Asubuhi Mama alikwenda sokoni, na aliporudi, gitaa halikuwa ukutani.

Mama alimtafuta. Aliuliza kwa watu wa kwetu waliotoka Mombasa na waliotoka Kampala. Tangazo lilisomwa redioni. Bibi alipofariki kule nyumbani, Mama alikaa siku zote za matanga akiitazama njia, na Mjomba hakuja. Baada ya hapo Mama hakumtaja tena, na Baba pia hakumtaja, ila niligundua kwamba tulipopita mahali penye bendi inayopiga, Baba alipunguza mwendo akatazama wapiga gitaa mmoja mmoja.

Sasa nilitoka karakana nikikimbia. Nje, vibarua walikuwa wakishusha unga kutoka kwenye lori, na kila mmoja wao alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi nyusi. Uso usingenisaidia kitu. Nilisimama nikangoja miguu yake, na alipotokea nikaandamana naye sambamba.

"Samahani, mzee. Kwenu ni wapi?"

Hakusimama. "Dandora."

"Naulizia kwenu kabisa. Nyumbani."

"Mbona? Nimevunja kitu?"

"Hapana. Unatembea kama mama yangu."

Alitembea kidogo tena, kisha akalishusha gunia chini taratibu na kulikalia.

"Mama yako anakaa wapi?"

"Kaloleni. Nyuma ya ukumbi."

Alikung'uta mikono, akaitazama, akaikung'uta tena. "Na mzee wako bado anapiga viatu rangi hata siku ambazo haendi popote?"

"Kila siku."

"Na wewe," alisema, "wewe ndiye yule aliyekuwa akilamba chokaa ya ukuta?"

"Ni mimi, Mjomba."

Alicheka kicheko kirefu, mabega yakimtetemeka, na machozi yakachora mistari miwili kwenye unga. Nami nililia, sikujali nyapara aliyekuwa akituita kwa makelele. Kabla ya kulibeba gunia tena, Mjomba alinishika mkono.

"Usimwambie kwanza. Ngoja nije nikiwa mtu."

"Kwani sasa wewe ni nani?"

"Si unaona? Ni gunia la pili."

Sikumwahidi chochote. Jioni hiyo Mama alikuwa akikata sukuma wiki jikoni, Baba sebuleni nyuma ya gazeti, pazia tu kati yao. Sikujua pa kuanzia, basi nilisema tu.

"Mama, nimemwona Mjomba."

Kisu kikasimama. "Umemwona, au umefikiri umemwona?"

"Nimemwona akitembea."

"Hebu tembea alivyotembea."

Nikavuka jiko, goti juu, kiwiko nje. Mama alinitazama toka juu mpaka chini.

"Huyo ni wewe."

"Ndiyo maana nakwambia ni yeye."

Mama alianza kukata tena, kasi sana, mboga ikawa nyembamba kama uzi. Upande wa pili wa pazia, Baba hakugeuza ukurasa hata mmoja mpaka chakula kilipoiva.

Kesho yake wakati wa kufunga kazi nilimkuta Mama nje ya geti la kiwanda, amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa kipya kichwani, amesimama kando ya mama mchoma mahindi kana kwamba wamejuana miaka. Vibarua walianza kutoka, umati mzima, wengine wameshaoga unga kwenye bomba, wengine bado. Niliinua mkono nimwonyeshe.

"Usininyooshee kidole," alisema. "Nitamwona mwenyewe."

Na alimwona kabla yangu. Nilikuwa bado natafuta alipoacha mikononi mwangu mahindi mawili aliyokuwa amenunua na kwenda. Nilitarajia apige kelele, aite jina, aanguke pale barabarani. Hakuita. Baadaye alinieleza kwamba jina lilikataa kutoka. Miguu peke yake ndiyo iliyokubali, basi akamfuata kwa miguu.

Mjomba alikuwa akielekea soko la Gikomba, hajui lolote. Mama alikuwa hatua chache nyuma yake. Goti la Mjomba likipanda, na la Mama linapanda. Kiwiko kwa kiwiko. Nami nikaanza kuwafuata nikiwa na mahindi mawili mkononi, na nilisikia mama mchoma mahindi akiwaambia wateja wake, "Jamani, njooni muone gwaride!" Vibarua wakasimama. Msukuma mkokoteni mmoja akaacha kusukuma ili atazame watu watatu wanaovuka mto usiokuwepo.

Kisha Mjomba akapunguza mwendo. Mama naye akapunguza. Mjomba akaongeza kidogo, kama kujaribu, na ile paf, paf ya nyuma yake ikaongezeka pia. Akasimama kabisa. Hakugeuka.

"Dada," alisema, bado akitazama mbele, "umenenepa. Unakanyaga kwa nguvu."

Mama alimpiga mgongoni kwa mkoba. Akampiga tena, mara ya tatu mkono haukurudi, ulibaki umemshika.

"Mulembe," alisema mwishowe, salamu ya kwetu, kama mtu anayemkuta ndugu yake mlangoni baada ya safari fupi.

"Mulembe, Dada."

Walikaa juu ya magogo ya mafundi seremala pembezoni mwa Gikomba, mimi nikawapa mahindi yaliyokuwa yamepoa. Mama alimuuliza moja kwa moja kuhusu Bibi. Mjomba alisema habari zilimfikia zimechelewa, kupitia seremala mmoja wa kwetu pale pale sokoni, matanga yakiwa yamekwisha. Alikwenda peke yake, akafika kaburini alfajiri, akapalilia, akarudi na basi la kwanza kabla mtu hajamwona.

"Ni wewe uliyepalilia?" Mama aliuliza. "Tulidhani ni majirani. Niliwatumia salamu za shukrani."

"Basi nipe mimi sasa."

Mama akacheka katikati ya kilio chake, na nilijua hapo kwamba mambo yatakuwa sawa. Alimwambia tunakwenda nyumbani, sasa hivi. Mjomba alitazama viatu vyake vilivyokuwa wazi mbele kama mdomo wa samaki.

"Na mzee?"

"Mzee niachie mimi."

Lakini hakuachiwa yeye. Tulipokata kona ya ukumbi Baba alikuwa tayari amesimama mlangoni, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, viatu vinang'aa. Nafikiri alikuwa amesimama hapo muda mrefu. Zamani alikuwa akimwita Mjomba "kijana", kwa ukali, hata mbele ya wageni. Safari hii alinyoosha mikono yote miwili.

"Karibu, shemeji."

Mjomba alisita kama goti lake linavyosita, kisha akaipokea ile mikono. "Asante, shemeji."

"Lile neno nililokwambia siku ile," Baba alisema.

"Neno gani? Mimi nimeshasahau."

"Mimi sijasahau. Nalifuta."

Mama akawapita katikati aende kuweka chai motoni, maana alijua wasingeweza kusema zaidi ya hapo, na kweli hawakuweza. Walikaa wakaanza kuzungumzia mpira. Kwa saa nzima walilalamika juu ya kipa mmoja, na sijawahi kumwona Baba akiwa na raha kiasi hicho kwa sababu ya timu kufungwa.

Kiwandani habari ilienea hata kabla sijafika asubuhi. Mama wa usafi aliisimulia kwenye kila korido, kila mara akiongeza chumvi, mpaka mwishowe kamera ndiyo iliyomwita Mjomba kwa jina. Fundi mkuu hakusema mengi, lakini baada ya wiki chache nafasi ilipotokea stoo, alitembea mwenyewe hadi ofisi ya juu kumwombea, na Mjomba akaacha kusimama getini alfajiri na vibarua. Gitaa alikuwa bado nalo, kumbe. Alikuwa akilipiga katika kanisa lao kule Dandora.

Hatukujua habari za kanisa wala za mke mpaka Krismasi. Alikuja na familia nzima: mke mrefu mwenye sauti ya kujaza uwanja, watoto wanne waliovaa sare za kitambaa kimoja, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Nyumba yetu haikuwatosha. Tuliazima mabenchi ya ukumbi tukakaa nje, majirani wakaja na sufuria zao, na Mama hakukaa chini hata mara moja, alikuwa akipita nyuma ya watoto akiwagusa vichwa kana kwamba anawahakikisha wote wapo.

Mke wa Mjomba alikuwa akiutazama mtaa huku na huku. Mwishowe aliweka sahani chini.

"Wifi, kumbe ni hapa? Sisi tunapita ile barabara pale kila tukienda Gikomba! Na kila tukifika hapo, mume wangu ananiambia, geuka, tazama upande ule, kuna mabehewa mazuri yanapita. Miaka yote hiyo mimi nageukia kule, yeye anageukia huku. Sijaona hata behewa moja!"

Mama ilibidi ashike bega la mtu asianguke kwa kicheko. Baba, aliyetumia maisha yake yote katika reli, aliweka kikombe chake chini, akafikiri kwa makini.

"Upande ule hakuna reli," alisema.

"Hakuna, shemeji," Mjomba alikubali, akajitwalia kipande kingine cha chapati.